Kilichomiminwa Hakirudi Chupani

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Niliombwa nizungumzie sayansi na mkoa wetu. Nitafanya hivyo, lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya walioumizwa nalo wamo humu ukumbini na hawajapata kuambiwa ukweli.

Nilipokuwa kidato cha nne, wakati ule tukiwa bado Mkoa wa Mbeya, nilikuwa kiranja wa maabara. Katika mtihani wa majaribio wa kemia tuligawanywa makundi mawili. Mwalimu alitengeneza asidi ya kututosha sote, akaiweka katika chupa moja kubwa ya kahawia. Kundi la kwanza tulipomaliza, niliona asidi imebaki kwenye bika kadhaa. Kemikali zilikuwa adimu, nikaona uchungu kuimwaga, nikairudisha yote chupani. Bika mojawapo ilikuwa na mabaki ya besi. Kundi la pili wakapata majibu yaliyofanana wao kwa wao, na yote yakatofautiana na ya kwetu. Ikaonekana kwamba wamenakiliana, wakanyimwa alama. Mimi nilijua, nikanyamaza. Ndugu zangu wa kundi la pili, leo nawaomba radhi.

Baadaye nilisoma kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaingia katika utumishi wa serikali, na kazi imenifikisha mara nyingi mpakani Tunduma. Malori ya salfa hupita pale kwenda Zambia na Kongo, ambako salfa hutengenezewa asidi ya salfuriki ya kutolea shaba kwenye mawe. Asidi hiyo ikiingiwa na kutu kidogo, mgodi hausimami. Lakini asidi ya jina hilohilo hutumika Taiwan na Korea Kusini kusafishia bamba za silikoni, ambazo ndizo hukatwa kuwa chipu za simu, redio na kompyuta. Huko uchafu wa metali huhesabiwa kwa sehemu moja katika bilioni, na pengine chini ya hapo. Sehemu moja katika bilioni ni kama sekunde moja katika muda wa miaka 32 hivi.

Vijana, msidhani kwamba kazi huisha pale asidi inaposafishwa. Ugumu unaanzia hapo, maana chombo chenyewe kinaweza kuwa adui. Asidi ya haidrofloriki hula kioo, kwa hiyo hutunzwa katika mapipa ya plastiki maalumu. Hata kioo kisicholika huweza kuachia chembe za sodiamu. Kiwandani kemikali husafiri katika bomba lililo ndani ya bomba jingine, ili la ndani likivuja la nje lidake. Hupitishwa kwenye vichujio kabla ya kufika mashineni. Viunganishi vya mapipa hutengenezwa kwa maumbo tofauti, ili mfanyakazi mchovu wa zamu ya usiku asiweze kuunganisha pipa la kemikali hii kwenye bomba la kemikali ile. Na kilichokwisha kumiminwa hakirudishwi kwenye pipa, hata kikionekana safi kama maji ya chemchemi.

Kosa la njiani halimalizikii kwenye hasara ya fedha. Septemba 2012, katika mji wa Gumi, Korea Kusini, floridi ya haidrojeni ilivuja wakati wa kupakuliwa kutoka kwenye tangi. Wafanyakazi watano walikufa, na wakazi wengi wa jirani wakahitaji matibabu. Pipa lililokuwa salama safari nzima linaweza kuua dakika ile ya kupakuliwa.

Najua kijana mmoja ananiuliza kimoyomoyo: hayo ya Korea yanatuhusu nini sisi? Basi tutazame bonde letu la Rukwa. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 za heliamu katika sehemu moja ya bonde hilo. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikatangaza kwamba heliamu imetiririka hadi juu ya ardhi katika kisima cha Itumbula West-1. Viwanda vya chipu huihitaji gesi hiyo: hupulizwa nyuma ya bamba la silikoni kulipoza, na hutumika kutafuta matundu ambayo jicho haliyaoni.

Ardhini heliamu imechanganyika na naitrojeni nyingi. Ili ifae viwanda hivyo, hutengwa na kusafishwa hadi asilimia 99.999 au zaidi. Ili isafiri mbali, hupozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ikawa kimiminika, ikatiwa katika kontena lenye kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati. Hata hivyo joto hupenya polepole na presha hupanda. Mwenye mzigo ana siku kama 35 hadi 48 za kuufikisha. Zikipita, gesi huanza kuachiliwa hewani, nayo ikishapaa haikamatiki tena.

Ndiyo maana nasema njia ni sehemu ya bidhaa. Qatar ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa heliamu. Juni 2017 mpaka wake na Saudi Arabia ulipofungwa, njia ya barabara kwenda bandari ya Jebel Ali ilikatika, na viwanda vyake vyote viwili vya heliamu vikasimama kwa muda. Gesi ilikuwapo; njia ndiyo haikuwapo. Sisi tuliokulia Tunduma, tunaoijua foleni ya malori, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Kutoka kwetu hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900.

Basi vijana, heliamu ya Songwe ikianza kuuzwa, haitahitaji wachimbaji peke yao. Itahitaji mafundi wa vali, madereva waliofunzwa, wapimaji na wakaguzi. Jitayarisheni sasa.

Na jambo la mwisho. Kila pipa la kemikali safi hutembea na namba yake na hati ya vipimo vyake. Aliyekosea akisema mapema, pipa moja hutengwa. Akinyamaza, uchafu hufuata bomba mpaka kwenye kazi ya watu ambao hawakukosa lolote. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema asubuhi ile kabla kundi la pili hawajaingia. Chupa ingemwagwa, mwalimu angenikaripia, na mambo yangeishia pale. Sikusema, na gharama ililipwa na wenzangu.

Ndugu Mkuu wa Shule, nimeleta bika mpya 20 kwa ajili ya maabara. Ninaloomba ni kwamba mwanafunzi atakayekosea humo asiogope kumwambia mwalimu siku hiyohiyo.