Kisanduku Kilichovuja

Neno letu la leo latoka katika 2 Wafalme, mlango wa 5, habari za Naamani. Lakini kwanza sikiliza habari ya vijana wanne.

Mwezi wa Juni mwaka 2004, wanafunzi walikusanyika Santa Barbara, California, nchini Marekani, kushindanisha mitambo waliyoiunda wenyewe. Kila mtambo ulipaswa kuzama bwawani na kufanya kazi chini ya maji. Miongoni mwao walikuwamo wavulana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, mjini Phoenix. Walikuwa wazaliwa wa Mexico, wa jamaa maskini, wasio na hati za kuishi Marekani. Mtambo wao waliuunda kwa mabomba ya plastiki, nao ulinuka gundi hata wakauita Stinky, yaani Mwenye Kunuka. Walishindana na vyuo vikubwa, hata MIT, chuo chenye sifa duniani kote.

Walipoujaribu majini, wakaona kwamba kisanduku chenye nyaya na vyombo vya umeme kinavuja. Matone machache tu yangeiharibu kazi ya miezi mingi, wala hapakuwa na nafasi ya kuunda kisanduku kingine. Ndipo wakakumbuka kitu kinachonywa maji upesi: pamba ambazo akina mama hutumia katika siku zao za mwezi. Mvulana mmoja akatumwa dukani. Aliona haya sana. Hata hivyo akamwendea mama asiyemjua, akamweleza shida yao, akamwomba amsaidie kuchagua. Pamba zikatiwa ndani, maji yakazuiliwa, na mtambo ukafanya kazi. Vijana wale wakawa wa kwanza. MIT wakawa wa pili.

Sasa mtazame Naamani. Alikuwa jemadari mkuu wa Shamu, lakini chini ya mavazi yake mazuri alikuwa na ukoma. Alipoambiwa ajichovye mara saba katika Yordani, alikasirika. Dawa ilikuwa nyonge mno kwa mtu wa cheo chake! Watumishi wake ndio waliomwonyesha kwamba, kama angeagizwa jambo kubwa, angelifanya mara moja. Akashuka mtoni, akapona.

Ndugu yangu, je, ni wapi panapovuja kwako? Pengine wewe ni mzee wa kanisa, na hujasema na mkeo tangu Jumapili iliyopita. Pengine ndugu yako mmegombana juu ya mpaka wa shamba. Wengi wetu tuko tayari kutoa ng'ombe kwa harambee ya kujenga kanisa, lakini neno moja dogo, "Nisamehe," latushinda. Twalihesabu kuwa aibu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisanduku hakiachi kuvuja kwa sababu kimepakwa rangi.

Kijana yule angaliona haya akarudi mikono mitupu, wenzake wote wangalishindwa pamoja naye. Hali kadhalika kiburi cha baba huwaumiza watoto waliomo nyumbani. Basi usingoje dawa yenye heshima. Inuka leo, umwendee yule uliyemkosea.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe mahali tunapovuja, utuondolee kiburi, na utupe moyo wa kushuka Yordani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.