Utii kwa Mungu Si Utii kwa Mchungaji

Wasikilizaji wetu, habari za tume mmezisikia. Mei 2023, baada ya waumini wa mchungaji mmoja kufa kwa njaa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Jaji Jessie Lesiit aliteuliwa kuongoza tume ya uchunguzi, na Mchungaji Mutava Musyimi kuongoza jopo la kuangalia upya sheria za makanisa. Tangu Rais wa Kenya atangaze hayo, mjadala umekuwa wa leseni. Leseni ya kanisa, cheti cha mchungaji, nani asajiliwe na nani afungiwe.

Hatukuwa na ugomvi na tume.  Kinachotukosesha usingizi hapa kituoni ni kingine. Watu wale hawakuingia msitu ule kutafuta uovu. Waliuza mashamba, waliacha kazi, waliwatoa watoto shule, wakaja Kilifi kumtii Mungu. Ndivyo walivyoambiwa, na ndivyo walivyoamini. Waliambiwa kwamba njaa ni mtihani wa imani, na anayeushinda atamwona Bwana.

Kufikia mwanzoni mwa Mei 2023 miili zaidi ya 100 ilikuwa imefukuliwa. Katika miili 10 ya kwanza iliyochunguzwa Malindi, 9 ilikuwa ya watoto. Wengi wao walionyesha dalili za njaa. Mtoto wa miaka mitatu hana mtihani wa imani. Mtoto wa miaka mitatu ana njaa, basi.

Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kuamua. Lakini kuna jambo ambalo hakuna hakimu atakayetuamulia. Je, imani tuliyolelewa nayo, ile ya kumtumaini Mungu hata pale giza linapozidi, ndiyo iliyozaa makaburi yale?

Tunasema hapana. Tunarudia, hapana.

Jina la Ibrahimu hutajwa kila kona kama mfano wa utii, kama vile naye alikuwa mkaazi wa Shakahola. Basi tumtazame. Alipoambiwa amtoe sadaka mwanawe Isaka, alitembea siku tatu kuelekea Moria. Isaka alibeba kuni, baba akabeba moto na kisu. Njiani mtoto akauliza: kuni zipo, moto upo, mwanakondoo yuko wapi? Aliuliza, na hakupigwa kofi la kuambiwa anyamaze. Na Ibrahimu mwenyewe, kabla ya hapo, alisimama mbele za Mungu akamhoji juu ya Sodoma. Alianza na wenye haki 50 akashuka mpaka 10, na Mungu akawa anamjibu kila mara. Huyo ndiye tunayemwita baba wa imani. Alimuuliza Mungu!

Leo kwetu Mungu anaulizwa, lakini mtumishi wa Mungu haulizwi. Mtumishi akikukataza hospitali, haulizwi. Akikwambia umtoe mtoto shuleni, haulizwi. Akitaka hati ya shamba lako, haulizwi. Tumelisema hili katika kipindi hiki mara nyingi na tutalisema tena: kusema ‘mtumishi haulizwi’ ndiyo sumu yetu.

Na kule Moria mkono wa Ibrahimu ulizuiwa. Mtoto akarudi nyumbani na baba yake. Mtihani ulipofika mwisho, Isaka alikuwa hai.

Kisa hicho kiko Mwanzo 22; geuza ukurasa mmoja nyuma, Mwanzo 21, umsome Hajiri. Mama yuko nyikani Beer-sheba, maji yamekwisha katika kiriba, mtoto amemlaza chini ya kichaka na yeye amekaa mbali asimwone akifa. Ndugu zangu, hiyo ni Shakahola yenyewe: nyika, kichaka, mtoto, kiu. Na Mungu alifanya nini? Alimsikia mtoto. Akamfumbua mama macho, akaona kisima, akajaza kiriba, akamnywesha mwanawe. Majirani zetu Waislamu wanaijua habari hii ya Hajiri vizuri, na kila anayehiji Makka huikumbuka.

Nabii Eliya naye alilala chini ya mti jangwani akaomba kufa. Malaika hakumsifu kwa kufunga. Alimwamsha, na kando yake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala, akaamshwa tena ale mara ya pili. Binti wa Yairo alipofufuliwa, agizo la Yesu lilikuwa apewe chakula. Mara tatu hizo, watatu hao, na kila mara mkono wa Mungu ulikuja na maji au chakula.

Kufunga tunakujua Pwani hii. Mwaka ule Kwaresima ilikuwa imetoka kwisha. Ramadhani ilikwisha siku zile zile makaburi yalipoanza kufukuliwa. Kila jioni adhana ya magharibi ilipolia, watu walifuturu kwa tende na uji. Mgonjwa halazimishwi, mtoto halazimishwi, mama mwenye mimba ana ruhusa. Saumu ina mwisho, na mwisho wake ni chakula. Ibada isiyo na futari wazee wetu hawakutufundisha.

Msituambie basi kwamba sisi hatuyajui majaribu makali. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana. Kuna mama mmoja wa Ganze, hapa Pwani, aliyeona ng'ombe mmoja baada ya mwingine wakianguka, akachota maji mwendo wa nusu siku, na bado Jumapili alisimama akaimba. Huyo amejaribiwa. Na siku mgao wa mahindi ulipofika alipokea, akamshukuru Mungu, akawapikia watoto. Hakuna aliyemwambia kwamba kula ni kukosa imani.

Na kama mnataka mashahidi waliokufa kwa imani, Namugongo, Uganda, si mbali. Kila Juni mahujaji huenda huko kwa miguu. Tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga, aliyekuwa akiwafundisha dini vijana wa kasri la mfalme Mwanga, alichomwa kabla ya wanafunzi wake. Aliyewaua ni mfalme aliyewataka waiache imani. Mwalimu wao hakuwaua. Mwalimu wao alitangulia motoni. Mchungaji wa kweli hutangulia kwenye mateso. Anayewatanguliza watoto na yeye akabaki nyuma, huyo anachunga nini?

Serikali itaandika sheria, na maaskofu watatoa matamko. Lakini Jumapili hii nani atafundisha? Nani atasimama madhabahuni aseme wazi kwamba mtumishi anaulizwa? Wachungaji wetu, semeni! Msingoje serikali. Fungueni Mwanzo 21 na 22, someni zote mbili, msikatize pale kisu kinapoinuliwa.

Nanyi waumini, ulizeni. Ukiambiwa usile, uliza. Ukiambiwa dawa ni dhambi, uliza, kisha mpeleke mtoto hospitali kabla hata hujajibiwa. Jirani akiuza kila kitu ahame na familia kwenda kusikojulikana, usiseme ni imani yake. Mfuate, zungumza naye, mwambie mzee wa mtaa, mwambie chifu. Chifu akikupuuza, nenda polisi, na kesho yake urudi tena.

Mtumaini Mungu, ndugu yangu. Mtumaini katika ukame, katika ugonjwa, katika msiba. Mtii kwa moyo wote. Lakini mtu yeyote akikuamuru, kwa jina la Mungu, umnyime mtoto maji, mkatae. Mkatae hadharani, na umpe mtoto maji.