Meno ya Bolti na Uaminifu Wetu: Kutunza Giaboksi za Otomatiki

(Mada iliyotolewa na mkufunzi wa ufundi magari katika semina ya kamati za parokia na madereva)



 Nimepewa nusu saa kuzungumzia utunzaji wa magari. Nitazungumzia kitu kidogo kuliko kidole changu: bolti inayoshikilia sampo ya giaboksi. Nina sababu.

Zamani magari ya misheni yalikuwa karibu yote ya gia za mkono. Siku hizi mengi tunayonunua ni yaliyotumika kutoka Japani, na sehemu kubwa ni otomatiki. Giaboksi hizi hazina klachi ya kukanyaga kwa mguu. Oili ndiyo inayopeleka nguvu ya injini na kubana klachi zilizomo ndani. Oili ikipungua, klachi huteleza. Zikiteleza hupata moto. Zikipata moto huungua. Hapo gari hunguruma bila kwenda. Likiwa ni gari la zahanati, na ndani yake amelala mama mwenye uchungu wa kuzaa, mnajua wenyewe maana yake.

Meno hufa vipi?

Ganda la giaboksi ni la aluminiamu, na bolti ni ya chuma. Chuma kikibanwa kupita kiasi ndani ya aluminiamu, kinachokatika ni meno ya tundu. Bolti nyingi za sampo ni za milimita 6, zile zinazofunguliwa kwa spana namba 10. Kwa kawaida hizi zinahitaji kubanwa kwa Nyutonimita 7 hadi 10 hivi, na kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari husika. Hiyo ni nguvu ya kiganja. Sampo ikianza kuvuja, mtu huchukua spana ndefu na kubana kwa nguvu za bega. Gasketi hupondeka, ukingo wa sampo hupinda, uvujaji huongezeka, naye hubana tena. Siku ya tatu bolti inazunguka tu bila kushika.

Sababu nyingine ni bolti isiyo ya kwake. Bolti mbili za milimita 10 zinaweza kufanana kwa macho, kumbe moja ina nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, na nyingine 1.5. Ukilazimisha, unaharibu tundu. Bolti nzuri huingia kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kuguswa na spana.

Njia za mkato

Wapo wanaojaza gundi au silikoni ndani ya tundu. Huonekana imeshika, lakini joto na mtikisiko wa barabara zetu huiachia. Wapo wanaochomelea. Moto huo unaweza kupindisha ganda, na kazi hiyo yahitaji giaboksi ishushwe na kufumuliwa. Wapo wanaotoboa ili kuweka bolti nene zaidi, lakini ukuta wa aluminiamu pale ukingoni ni mwembamba. Na wapo wanaosema, “Giaboksi imekufa, nunueni nyingine.” Kabla ya kukubali neno hilo, kamati iulize: kimekufa nini hasa?

Njia inayodumu

Kwa tundu la namna hii tunatumia helikoli, yaani springi ndogo ya chuma kisichoshika kutu, inayokuwa meno mapya ndani ya tundu. Bolti ya awali inarudi palepale.

Gari liwekwe juu ya stendi imara, siyo jeki peke yake, na bomba la moshi lipoe. Oili imwagwe na sampo ishushwe. Sehemu za ndani zilizobaki wazi zifunikwe kwa plastiki safi, kwa sababu kule kuna vali ndogo ambazo unga wa aluminiamu waweza kuzikwamisha. Sumaku haitakusaidia, haivuti aluminiamu. Wala usitumie tambara linaloacha nyuzi.

Kwa bolti ya milimita 6, tundu hutobolewa kwa biti ya milimita 6.3, au kama seti yenyewe inavyoelekeza. Zungusha utepe kwenye biti kuonyesha kina, usije ukatoboa hadi upande wa pili. Drili isimame wima. Kisha pitisha tapu ya helikoli, siyo tapu ya kawaida, ikiwa imepakwa grisi ili unga ung'ang'anie humo: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Safisha tundu. Ingiza helikoli kwa kifaa chake mpaka iwe chini kidogo ya uso wa ganda. Mwisho, vunja kile kikia kilichotumika kuizungusha, na ukitoe nje. Matundu matatu, vikia vitatu mezani. Kikikosekana kimoja, usifunge sampo mpaka kipatikane.

Ukingo wa sampo unyooshwe, gasketi iwe mpya, na bolti zibanwe kwa zamu, huku na huku, kwa spana ya toki. Jaza oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu. Pima kwa utaratibu wa gari hilo; yenye kijiti mara nyingi hupimwa injini ikiwa moto na inaunguruma. Usiku weka kadibodi chini ya gari. Asubuhi itasema kweli.

Ombi langu

Kwa kamati za parokia: kila gari liwe na daftari lake, na kila fundi aandike alichofungua, alichofunga, na oili aliyoweka. Dereva aangalie chini ya gari kila asubuhi, na akiona tone jekundu atoe taarifa siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa magari. Lakini gari lisilo na fungu la matengenezo ni nusu ya msaada. Seti ya helikoli na spana ya toki katika karakana ya chuo chetu cha ufundi vitahudumia parokia nyingi, na vijana wetu watapata ujuzi wa kuwalisha.

Injili inatufundisha uaminifu katika mambo madogo. Mzee anayetoa kuku wake wakati wa mavuno ili zahanati ipate gari ametuamini. Tusimwangushe kwa sababu ya bolti ya milimita 6.