Mvuke Urudipo Kuwa Maji: Habari za Kondensa na Kazi Zake

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wanaojifunza ufundi, pamoja na wazazi wao.



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za chombo ambacho wengi hawakijui kwa jina, lakini kila mmoja wetu amekiona kikifanya kazi jikoni. Mama akifunua sufuria ya wali, matone ya maji huanguka kutoka chini ya kifuniko. Maji hayo yametoka wapi? Ni mvuke uliopanda, ukagusa kifuniko kilicho baridi kuliko wenyewe, ukapoteza joto lake na kurudi kuwa maji. Kifuniko hicho ni kondensa ndogo. Kondensa kubwa za meli na za mitambo ya umeme zafuata kanuni ile ile.

Yako mambo mawili yafaayo kukumbukwa. La kwanza, maji yakigeuka mvuke hupanuka mno: lita 1 ya maji hutoa lita 1,600 hivi za mvuke. Basi mvuke uliofungiwa ndani ya chombo ukipozwa na kuwa maji, nafasi ile yote hubaki karibu tupu. Utupu huo una faida kubwa, kwa sababu hewa ya nje husukuma kwa nguvu ili iingie. La pili, mvuke umebeba joto jingi lililofichika. Joto la kugeuza kilo 1 ya maji yanayochemka yawe mvuke ni zaidi ya mara 5 ya joto la kuyafikisha maji hayo kwenye kuchemka, hata yakianza yakiwa baridi kama barafu. Joto hilo lote sharti liondolewe mvuke unaporudi kuwa maji. Ndiyo sababu kondensa yahitaji maji mengi ya kupozea, au upepo mwingi.

Mwaka 1712 Thomas Newcomen alisimamisha injini yake karibu na Dudley, Uingereza, ili kuvuta maji katika machimbo ya makaa ya mawe. Mvuke uliingia ndani ya silinda, kisha maji baridi yakanyunyizwa mumo humo. Utupu ukatokea, na uzito wa hewa ukaisukuma pistoni chini. Kazi ilifanyika, lakini kwa hasara: kila mara silinda ilipozwa, kisha ikapashwa moto upya. Ni kama mtu apikaye chai, naye huitumbukiza sufuria yake mtoni kila amiminapo kikombe kimoja. Kuni zake zitatosha wapi?

James Watt, fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze, akaona jinsi ulivyomeza mvuke bure. Mwaka 1765, alipokuwa akitembea, wazo likamjia: mvuke upelekwe katika chombo kingine kando, chombo hicho ndicho kipozwe, na silinda ibaki na moto wake siku zote. Mwaka 1769 alipewa hati ya uvumbuzi. Baadaye yeye na mwenzake Matthew Boulton waliwadai wenye machimbo theluthi moja tu ya thamani ya makaa yaliyookolewa, na hata hivyo walipata mali nyingi. Hapo mwaona uharibifu wa kwanza ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Sasa tutazame aina za kondensa.

Aina ya kwanza ni ya kunyunyizia. Mvuke na maji baridi hukutana katika chombo kimoja na kuchanganyika. Ni chombo chepesi kutengeneza, wala hakina mabomba mengi ya kuziba. Nyingine huinuliwa juu ya bomba refu la meta 10 hivi, na maji hushuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu ya kuyatoa. Lakini yana kasoro moja: maji ya mvuke, yaliyo safi, huchanganyika na maji ya kupozea. Yakiwa machafu au ya chumvi, hayafai kurudishwa katika boila.

Kasoro hiyo iliwasumbua sana mabaharia wa zamani. Boila zao zilijazwa maji ya bahari, chumvi ikaganda ndani kama ukoko wa sufuria, na makaa mengi yakapotea. Dawa yake ni aina ya pili, kondensa ya mabomba. Maji baridi hupita ndani ya mabomba membamba mengi. Mvuke huyagusa kwa nje tu, ukadondoka chini ukiwa maji safi, kisha pampu huyarudisha katika boila. Wale wapikao pombe kali kwa siri huufanya mfano wake kinyumenyume, mvuke ukiwa ndani ya bomba na maji baridi nje, ingawa hao siwasifu.

Aina ya tatu hupozwa kwa hewa. Mvuke hupita ndani ya mabomba yenye mapezi ya chuma, na mapanga makubwa huyapulizia upepo. Hii yafaa mahali penye ukame. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 1953, walitengenezewa gari moshi 90 za namna hii ili zivuke nchi kavu ya Karoo. Ziliokoa maji mengi sana, lakini matengenezo yake yalikuwa ya taabu. Gari moshi ya kawaida hutumia mvuke uliokwisha kazi kuvuta moto kupitia bomba la moshi. Hizi zilihitaji panga la kuvuta moto, na majivu yakawa yakilila panga hilo. Katika miaka ya 1970 nyingi ziligeuzwa zikawa za kawaida.

Hapa kwetu Kenya twaweza kuona aina mbili mahali pamoja, Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, ambako mvuke watoka ardhini. Katika mtambo wa Olkaria II, ulioanza kazi mwaka 2003, mvuke hunyunyiziwa maji baridi. Hapo kuchanganyika si hasara, kwa kuwa hakuna boila ya kulishwa. Maji yapatikanayo hupelekwa katika minara ya kupozea, yakatumika tena, na ziwa likapunguziwa mzigo. Katika Olkaria III, iliyoanza mwaka 2000, mvuke huchemsha kiowevu kingine kichemkacho upesi kuliko maji. Hicho huendesha turbini, kisha hupozwa kwa hewa.

Vijana, siku moja huenda mkakabidhiwa chombo cha namna hii. Jueni adui zake watatu. Hewa ikipenya, utupu hupungua na turbini huishiwa nguvu, kwa hiyo sharti pampu iitoe daima. Uchafu ukiganda ndani ya mabomba, joto halipiti. Na bomba moja likitoboka katika mtambo wa pwani, maji ya bahari huingia kimyakimya na kuila boila, wala hakuna atakayesikia mlio. Fundi mwema huyapima maji kila zamu, hata siku ambayo kila kitu chaonekana kizuri.

Wala msiulize kondensa ipi ni bora kuliko zote. Ulizeni kwanza: mahali hapa pana maji kiasi gani, ni maji ya namna gani, na nani mwingine ayanywa? Jibu la maswali hayo ndilo litakalowachagulia chombo.