Profesa Sarungi: Daktari wa Mifupa Aliyepewa Wizara ya Elimu



Leo namkumbuka Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki Machi 2025. Mtoto wa Rorya, mkoani Mara, alisomea udaktari Hungaria, akarudi Muhimbili kupasua mifupa na kufundisha. Baadaye akawa Waziri wa Afya, na wa Elimu pia. Wengine husema siasa ilitunyang'anya daktari bingwa. Sisi wauguzi tunajua bingwa mmoja hamalizi wodi (na wa kumgeuza mgonjwa usiku ni sisi!). Wanafunzi aliowafundisha ndio waliobaki na wagonjwa.

Binti yangu anasomea udaktari. Ameniuliza, "Mama, nikimaliza niende nyumbani?" Nimemwambia aanze na likizo moja Muhimbili, aione foleni, kisha tuzungumze.