Nani Amesema? Alama za Kunukuu katika Karatasi za Kireno na Kiingereza

 

Leo nasema juu ya vialama vidogo, vile tuliviita giyeme shuleni. Karatasi za ndugu waliotoka Maratane, Msumbiji, ziko kwa Kireno. Za Meheba, Zambia, ziko kwa Kiingereza. Sisi tunazisoma kwa jicho la Kifaransa, njo matata inaanzia pale.

Umbo lenyewe si shida. Ureno wana «hivi», Brazili “hivi”, Waingereza mara nyingi ‘hivi’, Wamarekani “hivi”. Mtazoea.

Shida ni kistari kirefu. Katika Kireno, maneno ya mtu yanaweza kuanza na kistari tu, bila giyeme yoyote:

— Não vi o meu marido — disse a senhora.

Maana yake, sikumuona mume wangu. Kistari cha pili kinaonyesha mama amenyamaza, sasa anasema mwandishi. Kwa Kiingereza ni: “I did not see my husband,” the woman said.

Sasa mtafsiri akidhani kile kistari ni cha orodha, akakifuta, maneno ya mama yanakuwa maelezo ya ofisi. Mwingine anayafupisha: hana mume. Wa tatu anaandika mjane. Mama hakusema vile! Na akishaandikwa mjane, nani tena atamtafuta yule mume?

Kwa Kiingereza kuna ingine. Ushuhuda ukiwa na aya nyingi, alama inafunguliwa mwanzo wa kila aya, lakini inafungwa mara moja tu, mwisho kabisa. Msizifute mkifikiri ni kosa la mashine.

Halafu ile tabia yetu (hata kwenye mabango iko) ya kuweka giyeme ili neno lionekane kubwa. Kwenye ripoti tuiache. Ukiandika mama huyu ni “mjane”, msomaji wa Kiingereza au Kireno anaweza kuelewa kwamba anajidai mjane. Umemtilia mashaka bila kujua.

Kama mama alisema kwa Kibembe, andika kwamba ni tafsiri na utaje lugha. Kama hukumbuki maneno yake yenyewe, eleza bila alama.

Alhamisi niko ofisini toka saa mbili asubuhi. Leteni karatasi za Kireno zenyewe pamoja na tafsiri zake. Tutaanza na za wale wanaotafuta jamaa zao.