Maziwa na Amani ya Tumbo



Katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, toka mashamba ya Kitale hata vijiji vya Bungoma, maziwa ni chakula na tena ni fedha. Walakini wako watu wazima ambao wakinywa bilauri moja ya maziwa, matumbo yao hujaa hewa na kunguruma, hata wakaharisha. Baadhi yao humlaumu ng'ombe wa gredi, na kusema kwamba maziwa ya ng'ombe wa kienyeji hayana udhia huo. Yafaa neno hilo lipimwe, kwa maana akoseaye chanzo cha ugonjwa hukosea na dawa yake. Aweza kuuza ng'ombe mzuri bure, au kuwanyima watoto chakula bora.

Ndani ya maziwa mna protini, yaani chakula kijengacho mwili. Katika kila sehemu 10 za protini hiyo, 8 ni kasini, ile igandayo maziwa yachachukapo. Kasini mojawapo, iitwayo beta-kasini, ina namna mbili kubwa, A1 na A2. Ng'ombe wa nundu, kama wale wa kienyeji wa Bungoma, aghalabu hutoa A2. Friesian na Ayrshire wa mashamba ya Kitale wengi wao hutoa A1 pia. A1 isagwapo tumboni hutoa kipande kidogo ambacho wataalamu wengine hudhani chaweza kuwasumbua baadhi ya watu. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichunguza habari hizo, wala haikuona uthibitisho kwamba kipande hicho huleta maradhi.

Mara nyingi kinacholeta taabu si protini, bali ni sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huivunja kwa nguvu ya laktasi iliyomo utumboni mwake, lakini watu wengi duniani hupungukiwa na laktasi wakikua. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya, Tanzania na Sudan wamerithi uwezo wa kubaki nayo. Asiye na uwezo huo, sukari humshukia katika utumbo mpana, ikachachuka na kutoa hewa. Na sukari hiyo imo katika maziwa ya kila ng'ombe, mwenye nundu na asiye na nundu. Basi kubadili ng'ombe hakumponyi mtu huyo.

Dawa yake i karibu. Wakalenjin tangu zamani hugandisha maziwa kibuyuni na kuyaita mursik, na maziwa ya mala huuzwa kila mji. Vijidudu vya kugandisha hula sehemu ya sukari kabla ya mnywaji. Yafaa maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Maana kuchemsha huua vijidudu vya kifua kikuu na bruselosi, ingawa hakuondoi sukari. Tena yanywewe kidogo kidogo, pamoja na chakula.

Lakini mtoto anywaye maziwa akavimba midomo, akatoka vipele au akahema kwa shida, huyo mwili wake huikataa protini yenyewe. Maziwa ya mala hayamfai, wala ya A2. Apelekwe hospitali upesi.